Kuchagua Risasi na Kipimo cha Baruti kwa Gobore la Kuwindia: Mwongozo Kamili

Anayewinda kwa bunduki ya kisasa hununua risasi iliyokwisha kukamilishwa kiwandani: baruti imepimwa, fataki, yaani kiwashio kidogo cha baruti, imepachikwa na kichwa cha risasi kimebanwa mahali pake. Mwenye gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, huvikutanisha vitu hivyo vyote kwa mikono yake mwenyewe, na kila anaposhindilia huwa anatengeneza risasi upya. Hapo ndipo ulipo utamu wa silaha hii, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake.

Makosa mengi ya wawindaji wapya yana asili moja, nayo ni kuanza na baruti. Mtu huuliza gobore lake linaweza kubeba greni ngapi (greni ni kipimo kidogo cha baruti na risasi), akamimina kiasi hicho chote, kisha akatafuta risasi ya kuweka juu yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Mtutu ndio unaochagua aina ya risasi, mnyama na umbali ndio wanaochagua kaliba, yaani kipenyo cha tundu la mtutu kwa inchi, na uzito, na karatasi ya shabaha ndiyo inayochagua kiasi cha baruti, ilimradi kiasi hicho kisivuke kikomo kilichowekwa na mtengenezaji wa bunduki.

Kikomo hicho kimeandikwa katika kijitabu kilichokuja na silaha, na mara nyingine huchongwa kwenye mtutu wenyewe. Kama umenunua gobore lililotumika na huna kijitabu, kitafute kwanza kwa mtengenezaji. Kama gobore ni la kale na halijulikani lilitoka wapi, lipeleke kwa fundi wa bunduki alikague mtutu, chuchu ya fataki na parafujo inayoziba nyuma ya mtutu kabla halijapigwa hata mara moja. Vipimo nitakavyovitaja ni vya kuanzia kazi, navyo havimpi mtu ruhusa ya kupita kile alichokataza mtengenezaji. Vilevile zisome sheria za uwindaji za mahali unapowinda kabla ya kununua chochote, kwa kuwa misimu ya gobore mara nyingi ina masharti yake: kwingine saboti, yaani vikombe vya plastiki vinavyobeba risasi, haziruhusiwi, kwingine vidonge vya baruti au darubini vimekatazwa, na kwingine kuna kaliba ya chini kabisa kwa kila aina ya mnyama.

Hatua ya kwanza: usome mtutu wako

Kabla ya kugusa kitu kingine, hakikisha gobore ni tupu. Ingiza mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, hadi chini, shika kwa vidole mahali unapokutana na mdomo wa mtutu, uutoe, kisha ulaze kando ya mtutu kwa nje. Ncha yake inapaswa kufika karibu kabisa na chuchu ya fataki au tundu la moto. Ikiishia sentimita kadhaa kabla ya hapo, ndani mna kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa baruti na risasi vilivyoachwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita.

Ukishajiridhisha, chunguza mifereji ya ndani. Raifoli ya kushindilia huwa na mifereji inayojipinda, na kasi ya kujipinda huko ndiyo habari ya kwanza utakayoihitaji. Huandikwa kama uwiano: 1:48 maana yake mfereji unakamilisha mzunguko mmoja katika urefu wa inchi 48. Kama hujui uwiano wa gobore lako, unaweza kuupima mwenyewe kwa mdeki ambao mpini wake unazunguka bila kukwama. Funga kitambaa kinachobana kwenye ncha ya mdeki, usukume hadi chini, weka alama kwa kalamu upande wa juu wa mdeki penye mdomo wa mtutu, kisha uvute polepole huku ukiitazama alama ile. Alama ikigeuka robo ya mzunguko baada ya kuvuta inchi 12, zidisha kwa nne na utapata 48. Rudia mara tatu, kwa maana kitambaa kikiteleza kidogo tu hesabu yote huharibika.

Mipindo ya polepole, kama 1:60 hadi 1:72, ilikusudiwa gololi ya risasi iliyovikwa kitambaa. Mipindo ya haraka, kama 1:20 hadi 1:32, ilikusudiwa risasi ndefu na saboti. Mpindo wa 1:48 ni wa kati, ulioingizwa katika magobore mengi ya miaka ya karibuni ili yapokee vyote viwili, na kwa uzoefu wangu hupokea vyote viwili kwa kuridhisha bila kufanya maajabu kwa kimojawapo.

Sababu ya tofauti hii ni rahisi kuielewa. Risasi ndefu huyumba hewani na kupinduka isipozungushwa kwa kasi, kama pia linalokaribia kuanguka. Gololi haina mbele wala nyuma, kwa hiyo mzunguko mdogo unaitosha. Tena gololi hushikwa na kitambaa tu, na kitambaa kikilazimishwa kufuata mfereji unaojipinda kwa haraka huku baruti nyingi ikiisukuma gololi, hushindwa: gololi huruka juu ya mifereji badala ya kuifuata, na shabaha hutawanyika. Ndiyo maana mwenye mtutu wa mpindo wa haraka anayetaka kupiga gololi hana budi kupunguza baruti, na mwenye mtutu wa 1:66 anayenunua risasi ndefu nzito anapoteza fedha zake.

Hatua ya pili: uzijue risasi zenyewe

Gololi ni risasi ya zamani kuliko zote. Hutengenezwa kwa madini laini ya risasi yasiyochanganywa, na kipenyo chake huwa kidogo kuliko cha mtutu ili kitambaa kipate nafasi. Kwa mtutu wa .50, gololi ya kawaida ni ya .490, yenye uzito wa takribani greni 177. Kwa .45 ni ya .440, takribani greni 128, na kwa .54 ni ya .530, takribani greni 224. Zitazame namba hizo kwa makini. Kipenyo kimeongezeka kwa tisa tu katika mia ya inchi kutoka .440 hadi .530, lakini uzito umepanda kwa robo tatu. Gololi haiwezi kurefushwa, hivyo njia pekee ya kuipa uzito ni kuipanua, na mwindaji anayependa gololi kwa wanyama wakubwa anunue kaliba kubwa badala ya kuongeza baruti katika kaliba ndogo.

Udhaifu wa gololi ni hewa. Umbo lake hukabiliwa na upinzani mkubwa, kiasi kwamba hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake kabla ya kufika mita 100. Ukiongeza baruti ili itoke kwa kasi zaidi, sehemu kubwa ya kasi ile ya ziada huliwa na hewa hiyo hiyo, na teke unalopigwa begani halipungui kwa sababu hiyo. Hata hivyo, katika umbali wa karibu gololi laini hutanuka vizuri inapompiga mnyama na hupenya kuliko namba zake zinavyoonyesha. Mwindaji mtulivu anayejua kunyemelea hadi mita 60 hana sababu ya kuidharau.

Risasi ndefu ya madini laini hushindiliwa bila kitambaa, mifuo inayoizunguka ubavuni ikiwa imejazwa mafuta. Kwa kaliba ya .50 uzito wake huwa kati ya greni 300 na 450 hivi. Huenda polepole kuliko gololi lakini huitunza nguvu yake safarini na hupenya kwa kina. Ndani ya kundi hili imo risasi ya Minié, iliyopewa jina la afisa wa Ufaransa Claude-Étienne Minié aliyeibuni katika miaka ya 1840. Nyuma yake ina uwazi, na moto wa baruti unapoujaza uwazi huo, kingo zake nyembamba hutanuka na kushika mifereji. Risasi ya namna hii haivumilii baruti nyingi. Katika kaliba ya .58, greni 60 hivi ndicho kipimo kilichotumiwa na jeshi la Marekani enzi zake, na ukizidisha sana, kingo za nyuma hupanuka kupita kiasi au hupasuka zinapotoka mdomoni, na hapo risasi haina tena mwelekeo.

Risasi ndefu ina jambo moja la kuangaliwa kwa macho mawili. Kwa kuwa haishikwi na kitambaa, inaweza kuteleza mbele ndani ya mtutu unapotembea huku gobore limeinamishwa. Nitalirudia hili katika hatua ya kushindilia, maana ndilo linalopasua mitutu.

Saboti ni kikombe cha plastiki kinachobeba risasi ndogo kuliko mtutu: katika .50, mara nyingi risasi ya kipenyo cha .45 au .44 yenye uzito wa greni 240 hadi 300. Kikombe hushika mifereji, huizungusha risasi, kisha hufunguka na kuanguka mara baada ya kutoka mdomoni. Faida yake ni kasi, na njia ya risasi isiyoshuka sana, kwa hiyo huwafaa wenye magobore ya kisasa ya mpindo wa haraka. Plastiki hulainika mtutu unapopata joto, kwa hiyo usiihukumu saboti kwa mapigo matano ya haraka haraka. Acha mtutu upoe baina ya pigo na pigo.

Zipo pia risasi za shaba tupu. Hizi huhitajika pale ambapo madini ya risasi yamekatazwa katika uwindaji, kama ilivyo jimboni California tangu Julai 2019, na huwafaa wote wanaotaka kuepuka vipande vya madini hayo ndani ya nyama. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito ule ule huwa ndefu zaidi, na huhitaji mpindo wa haraka pamoja na kasi ya kutosha ili itanuke.

Anayejimiminia risasi kwa kalibu nyumbani ahakikishe madini yake ni laini. Madini safi ya risasi hukwaruzika kwa ukucha wa kidole gumba. Vyuma vya kusawazisha magurudumu na mabaki mengine yaliyochanganywa na antimoni ni magumu, hayashiki mifereji vizuri na hufanya kushindilia kuwe mateso. Fanya kazi hiyo penye hewa nyingi, na tone la maji lisikaribie kabisa chungu cha risasi iliyoyeyuka.

Hatua ya tatu: mnyama na umbali

Jiulize maswali mawili na uyajibu kwa ukweli. Je, ni mnyama wa ukubwa gani? Na je, ni umbali gani ambao wewe, ukiwa umechuchumaa na moyo unakudunda, unaweza kuweka risasi zako zote ndani ya duara la sentimita 15?

Kwa wanyama wadogo wa jamii ya swala na paa, gololi ya .45 au .50 ndani ya mita 60 hadi 75 inatosha. Kwa kulungu mkubwa na nguruwe mwitu, .50 yenye risasi ndefu au saboti, au .54 yenye gololi, hukupa akiba ya kupenya hata pale risasi inapokutana na mfupa wa bega. Kwa wanyama wazito zaidi, risasi ndefu na nzito za .54 na .58 ndizo zenye hoja. Sikushauri kuchagua kwa kutazama jedwali la nishati peke yake, kwa sababu majedwali hayo huisifu kasi, ilhali katika gobore kazi kubwa hufanywa na uzito na upana wa risasi inayopita kwenye mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili. Tundu la kutokea huacha damu ardhini, na damu hiyo ndiyo itakayokuongoza hadi alipolala mnyama, hasa pale wingu la moshi linapokuzuia usione alikokimbilia.

Hatua ya nne: baruti ipi

Baruti nyeusi huuzwa kwa ukubwa wa chembe, nao huonyeshwa kwa idadi ya herufi F. Kadiri F zinavyozidi, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo na ndivyo baruti inavyoungua haraka. FFg ni ya raifoli za kaliba ya .50 na kuendelea. FFFg hutumika zaidi katika .45 na chini yake, ingawa wengi huitumia pia katika .50. FFFFg ni ya kisahani cha gumegume tu, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe, na haimiminwi mtutuni. Ukihama kutoka FFg kwenda FFFg katika bunduki ile ile, punguza kipimo kwa asilimia 10 hadi 15 na uanze upya majaribio, kwa kuwa mgandamizo ndani ya mtutu umepanda ingawa ujazo ni ule ule.

Baruti mbadala, kama Pyrodex na Triple Seven, zilitengenezwa ili zitumike mahali pa baruti nyeusi. Huhitaji moto mkali zaidi ili ziwake, kwa hiyo hazilifai gumegume. Blackhorn 209 huhitaji fataki kubwa za namba 209, zile za bunduki za marisau, na huwafaa wenye magobore ya kisasa yenye kizibo kinachozipokea. Triple Seven ina nguvu kuliko baruti nyeusi kwa ujazo ule ule, na atakaye kasi inayolingana na ya baruti nyeusi hupunguza kipimo kwa asilimia 15 hivi. Vidonge vilivyogandamizwa tayari ni rahisi kubeba, lakini hukufungia kwenye ngazi za greni 50 au 30, na utaona punde kwamba kipimo bora cha gobore lako kinaweza kuwa katikati ya ngazi hizo. Mimi hupendelea baruti ya chembe kwa sababu hiyo.

Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, isiingie kabisa katika gobore. Zimewahi kutengenezwa bunduki chache sana za kushindilia zilizokusudiwa baruti hiyo, na wenye nazo wanazijua kwa jina. Katika nyingine zote, kipimo kinachoonekana kidogo kinaweza kuupasua mtutu na kumng'oa mtu vidole au macho. Usinunue baruti iliyokwisha kufunguliwa, usipokee baruti iliyohamishiwa kwenye chupa nyingine, usichanganye aina mbili, na usijaribu kuisaga au kuitengeneza mwenyewe.

Hatua ya tano: kupima

Greni moja ni takribani miligramu 65, hivyo greni 100 za baruti nyeusi zina uzito wa gramu 6.5. Lakini katika magobore vipimo husemwa kwa ujazo, kwa kutumia kopo dogo la shaba lenye mistari, na ujazo wa greni 80 ni ule unaojazwa na greni 80 za baruti nyeusi. Baruti mbadala nyingi ni nyepesi kuliko nyeusi. Ukiweka Pyrodex kwenye mizani na kupima greni 80 kwa uzito, utakuwa umemimina zaidi ya robo ya ziada bila kujua. Basi tumia kopo la ujazo, isipokuwa mtengenezaji wa baruti yenyewe ametoa jedwali la uzito.

Jaza kopo hadi lifurike kidogo, ligonge mara tatu kwa kidole, kisha futa juu kwa kitu bapa. Idadi ya kugonga si kitu, kinachotakiwa ni isibadilike leo wala kesho. Daima mimina kutoka kwenye pembe au chupa kwenda kwenye kopo, kisha kutoka kwenye kopo kwenda mtutuni. Kaa dogo lililobaki ndani baada ya pigo lililotangulia linaweza kuiwasha baruti unapoimimina. Ikiwaka ile ya kopo utaungua mkono. Ikiwaka pembe nzima, ni bomu umelishika.

Hatua ya sita: kushindilia kwa namna moja

Risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi yoyote katikati. Ikiachwa nusu ya njia, hugeuka kizuizi: gesi hupata kasi kabla ya kuigonga, na mtutu huvimba kama pete au kupasuka. Kwa hiyo, siku ya kwanza utakapokubali kipimo, chora mistari miwili kwenye mdeki, mmoja unaoonyesha mtutu mtupu na mwingine unaoonyesha baruti na risasi zikiwa mahali pake. Mstari wa pili ukionekana juu ya mdomo wa mtutu, risasi haijafika chini au umemimina baruti mara mbili. Ukizama ndani, umesahau baruti au umepunguza. Msituni, mwenye risasi ndefu aingize mdeki mara kwa mara kuhakikisha risasi haijateleza, na kama huteleza mara kwa mara, aiache risasi hiyo atafute inayobana zaidi.

Sukuma kwa uzito uleule kila mara, mikono ikishika mdeki kwa urefu mfupi mfupi ili usivunjike. Usiudundishe mdeki juu ya risasi kama mchi kinuni, kwa maana huko huponda chembe za baruti na kubonyeza pua ya risasi. Kichwa na kifua visiwe juu ya mdomo wa mtutu, na fataki iwekwe mwisho kabisa, gobore likiwa limeelekezwa mahali salama.

Mafuta ya kitambaa na ya risasi ndefu, kwa mwenye baruti nyeusi, yawe ya asili: nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama au ya zeituni. Mafuta ya mashine yakikutana na baruti nyeusi hufanya ukoko mgumu kama lami.

Hatua ya saba: karatasi ya shabaha iamue

Anza chini. Kanuni ya zamani inasema namba ya kaliba ndiyo greni za kuanzia, yaani greni 50 kwa .50, na hapo ni mahali salama pa kuanzia kwa gololi. Gololi ya .45 huanza kwenye greni 40, nayo .54 kwenye 55 au 60. Kwa risasi ndefu za .50 wengi huanza kwenye greni 60, na kwa saboti katika magobore ya kisasa kwenye 70 au 80, iwapo kijitabu kinaruhusu.

Weka shabaha mita 50, kaa mezani, egemeza gobore kwenye mfuko wa mchanga, upige mara tatu. Baina ya mapigo futa mtutu kwa kitambaa kimoja chenye unyevu na kingine kikavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hugeuka kuwa yabisi inapoungua, ikitoka kama moshi au kubaki kama ukoko, na bila kufuta, kila pigo hupigwa na mtutu tofauti na uliotangulia. Kisha ongeza greni 5, upige tatu nyingine kwenye karatasi mpya. Andika pembeni mwa kila karatasi kipimo, aina ya baruti, risasi, unene wa kitambaa na mafuta. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, hata ukishikwa na hamu kiasi gani.

Utaona makundi ya matundu yakisogeleana, yakifika mahali yakabana, kisha yakianza kutawanyika tena. Gobore langu la .50 la mpindo wa 1:48 nililitesa msimu mzima kwa greni 100 chini ya gololi, nikiamini kwamba nguvu ndiyo heshima kwa mnyama, na matundu matatu yalikuwa hayafunikiki kwa kiganja. Nilipokubali kurudi hadi 55 na kupanda taratibu, kundi lilibana kwenye greni 70, matundu mawili yakagusana na la tatu likawa pembeni kwa upana wa kidole. Kwenye 85 yalikuwa yameshaanza kutengana tena. Mnyama wa kwanza niliyempiga kwa greni 70 hakwenda hatua thelathini.

Ukipata kipimo kinachobana, rudia kwa mapigo matano siku nyingine, kisha sogeza shabaha hadi umbali wa mwisho unaokusudia kupiga. Kama una kipima mwendo, tazama tofauti ya kasi kati ya pigo na pigo kuliko kasi yenyewe. Baruti ikizidi, kila greni tano za ziada huleta kasi kidogo kuliko tano zilizotangulia, huku teke likizidi na ukoko ukiongezeka. Uzito wa baruti nao ni mzigo unaosukumwa nje ya mtutu, na bega huulipia.

Kuvisoma vitambaa

Anayepiga gololi asiondoke uwanjani kabla ya kuviokota vitambaa vyake. Huanguka hatua chache mbele ya mdomo wa mtutu, na kila kimoja ni barua kutoka ndani. Kitambaa kizuri hurudi kizima: katikati kina duara jeusi la moshi, kulizunguka kuna pete ya rangi ya chai mahali kilipobanwa, na kingo zimechanika nyuzi kidogo tu. Kingeweza karibu kutumika tena.

Kikiwa kimeungua tundu katikati, moto umekipita: kitambaa ni chembamba, kikavu, au baruti ni nyingi kupita uwezo wake. Jaribu unene wa inchi .018 badala ya .010 au .015, au ongeza mafuta, kabla ya kulaumu gololi. Kikiwa na mikato iliyonyooka inayolingana na nafasi za mifereji, kuna ukali mahali fulani, mara nyingi kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu mpya, na fundi anaweza kuulainisha. Kama mikato hutokea wakati wa kuingiza, utaijua kwa kushindilia gololi kidogo tu bila baruti na kuivuta tena kwa skrubu ya mdeki. Kikiwa kimesambaratika kabisa, basi ni kitambaa kibovu au chenye nyuzi za plastiki. Tumia pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, iliyofuliwa kuondoa wanga wa kiwandani. Saboti nazo ziokotwe: vidole vyake vyote vifunguke sawasawa, na kitako kisiwe kimeyeyuka wala kupasuka.

Hatua ya mwisho: pigo la kwanza

Siku ya kupima shabaha unapiga mara ishirini. Siku ya kuwinda unapiga mara moja, na mtutu wako siku hiyo uko katika hali ambayo hujaijaribu: baridi, safi, labda na utando wa mafuta uliobaki tangu ulipousafisha. Pigo la mtutu kama huo mara nyingi halianguki pale yanapoanguka mengine.

Kwa hiyo, tenga asubuhi kadhaa kwa ajili ya pigo moja moja. Futa mafuta yote kwa kitambaa kikavu, piga fataki moja au mbili tupu kukausha tundu la moto huku mtutu ukielekezwa kwenye jani au nyasi na kutazama kama zinatikisika, shindilia kipimo chako, subiri nusu saa, kisha piga mara moja kwenye karatasi ile ile unayoihifadhi. Fataki ikilia na bunduki isilie, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa dakika mbili kamili kabla ya kufanya lolote, kwa maana baruti huweza kuchelewa kuwaka. Baada ya hapo safisha mtutu siku hiyo hiyo, kwa maji ya moto kama ni baruti nyeusi, Pyrodex au Triple Seven, kwa kuwa ukoko wake hunyonya unyevu na kuleta kutu usiku mmoja tu. Blackhorn 209 husafishwa kwa kiyeyushi chake badala ya maji.

Baada ya asubuhi tano utakuwa na karatasi moja yenye matundu matano, kila moja likiwa limepigwa na mtutu baridi. Pima umbali wa tundu lililo mbali kuliko yote kutoka katikati. Rekebisha lengo lako kwa kufuata kundi hilo, wala usifuate lile la mezani, na umbali ambao kundi hilo bado linaingia ndani ya sentimita 15 ndio umbali wako wa mwisho wa kuwinda msimu huu.